Usaili wa uhandisi wa programu kwenye kampuni kubwa ya teknolojia: mwongozo kamili kwa aliyeko Mwanza

Kampuni kubwa za teknolojia hazina ofisi za wahandisi hapa Mwanza. Zilizo karibu nasi ziko Nairobi, ambako Microsoft ilifungua kituo cha uhandisi mwaka 2019, na Google ikatangaza mwaka 2022 kwamba inaanzisha kituo cha kutengeneza bidhaa zake. Amazon ina wahandisi Cape Town, na huko ndiko ilikotengenezwa EC2, huduma ya kukodisha seva iliyozinduliwa mwaka 2006. Baada ya hapo ni London, Dublin, Zurich, Seattle na California. Lakini usaili wenyewe kwa sehemu kubwa hufanyika kwa video, kwa hiyo unaweza kuufanyia chumbani kwako Nyegezi, Buzuruga au hata Nansio.

Vijana wengi wa hapa wanaojaribu usaili huu wanajua kuandika programu. Kinachowaangusha ni kwamba wanalitatua swali kimyakimya. Tangu darasa la kwanza tumezoea kwamba mtihani ni kuinamia karatasi, na anayeongea anaonekana anaibia. Usaili huu unakwenda kinyume kabisa na mazoea hayo. Msaili akimaliza kuongea na wewe anakaa chini kuandika ripoti ya alichokusikia ukifikiri, na watu wengine ambao hawajawahi kukuona wanaamua kwa kusoma ripoti hiyo. Asichokisikia hana namna ya kukiandika. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga kukutoa kwenye ukimya huo.

Kama una kazi au bado unasoma, jipe miezi mitatu, saa moja na nusu kila jioni, na muda mrefu zaidi Jumamosi. Ukiwa na wiki tatu tu, ruka hatua ya tano, ya usanifu wa mifumo, iwapo unaomba nafasi ya anayeanza kazi, maana wanaoanza mara nyingi hawaulizwi.

Hatua ya kwanza: jua safari yenyewe ilivyo

Kwanza afisa ajira wa kampuni anakupigia simu kwa dakika ishirini au thelathini. Simu hiyo haina maswali ya kitaalamu, au inayo machache. Anataka kujua umefanya nini, unataka nafasi ipi na kama utahitaji viza. Jibu la viza litoe kwa ukweli. Kisha unakuja usaili mmoja wa kuandika msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe (code), wa dakika 45 hadi 60, mkitazama ukurasa mmoja wa pamoja mtandaoni. Ukifaulu, inafuata siku kubwa yenye vipindi vinne au vitano, kila kimoja na msaili wake: viwili au vitatu vya msimbo, kimoja cha usanifu wa mifumo kwa wenye uzoefu, na kimoja cha mienendo yako kazini.

Kampuni hutofautiana. Google hupeleka ripoti kwa kamati ambayo haikukusaili. Amazon huweka msaili kutoka timu nyingine, ambaye kazi yake ni kulinda kiwango cha kampuni, na huuliza sana kuhusu kanuni zake 16 za uongozi. Meta hupenda maswali mawili ndani ya kipindi kimoja cha msimbo, kwa hiyo kasi ina uzito zaidi huko. Mwulize afisa ajira: vipindi ni vingapi, vya aina gani, nitaandikia kwenye programu gani, msimbo utaendeshwa au ni kuandika tu, na je, akili mnemba inaruhusiwa? Baadhi ya kampuni zimeanza kuiruhusu kwenye vipindi maalumu. Pale isiporuhusiwa, anayeitumia kwa siri akigundulika hana safari tena. Maswali haya huulizwa na kila anayejiandaa, na afisa ajira hufurahi kuyajibu, maana naye anataka ufaulu.

Hatua ya pili: CV

Ukurasa mmoja. Ondoa picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi na namba ya NIDA. CV tulizozoea kupeleka ofisi za hapa nyumbani huwa na hayo yote, ila huku yanakula nafasi bure. Kila kazi iandike kwa ulichokifanya na kilichobadilika, ukitia namba pale unapoweza kuzithibitisha. Kama unamjua mtu aliye ndani ya kampuni, hata mliyesoma naye tu, mwombe akupendekeze. Huhitaji kumlilia, mtumie CV, kiungo cha nafasi yenyewe na mistari mitatu inayoeleza kwa nini unaifaa. Maombi yaliyopendekezwa na mfanyakazi yana nafasi kubwa zaidi ya kusomwa na binadamu.

Hatua ya tatu: msimbo, na swali moja tulitazame kwa karibu

Chagua lugha moja ya programu na usiiache. Python ni fupi kuandika, na dakika zako ni chache. Kama umekomaa na Java au C++, baki huko.

Mambo ya kujua yana mpangilio wake: orodha na tungo za herufi, jedwali la heshi (hash table), viashiria viwili vinavyotembea juu ya orodha moja (two pointers), staki na foleni (stack, queue), utafutaji wa kugawa nusu (binary search), miti, grafu, chungu cha kipaumbele (heap), kisha mbinu ya kuhifadhi majibu ya maswali madogo ili kujibu kubwa (dynamic programming). Hiyo ya mwisho huwatisha wengi, lakini haiji mara nyingi kama watu wanavyodhani. Anza na jedwali la heshi na grafu, ndipo kwenye maswali mengi. Kila mada fanya maswali kumi au kumi na tano ya kiwango cha kati kwenye tovuti ya mazoezi ya LeetCode au mahali kama hapo, badala ya mia tatu ya kupapasa. Mihadhara ya kozi namba 6.006 ya chuo cha MIT ni ya bure na inapakuliwa, kwa hiyo unaweza kuishusha kwa bando la usiku ukaitazama mchana bila intaneti.

Sasa tutazame swali moja maarufu, ambalo sisi wa ziwani tuna haki nalo: kuhesabu visiwa. Unapewa ramani ya miraba, 1 ni nchi kavu na 0 ni maji. Visiwa ni vingapi?

1 1 0 0 0
1 0 0 0 1
0 0 1 0 1
0 0 0 0 0

Mtu aliyejiandaa vibaya anaanza kuandika papo hapo. Wewe anza kwa kuuliza, kwa sauti. Je, miraba inayogusana kwa pembe tu ni kisiwa kimoja au viwili? Naweza kuibadilisha ramani niliyopewa, au niiache ilivyo? Ukubwa wake wa juu ni upi? Inaweza kuja tupu? Maswali hayo manne yanachukua dakika mbili na tayari msaili ana cha kuandika.

Kisha eleza njia kabla ya kuiandika. "Nitapita mraba mmoja mmoja. Nikikuta nchi kavu ambayo sijaitembelea, hicho ni kisiwa kipya, naongeza hesabu. Halafu naanzia hapo kutembelea nchi kavu yote inayoshikana nayo, juu, chini, kushoto na kulia, naitia alama ili nisiihesabu tena." Ipitishe kwenye mfano: mraba wa kwanza unazaa kisiwa cha kwanza chenye miraba mitatu, ule wa mwisho wa mstari wa pili unazaa cha pili chenye miraba miwili, na ule ulio peke yake katikati ya mstari wa tatu ni cha tatu. Jibu ni 3. Sema gharama: kila mraba unatembelewa mara moja na majirani wake wanne wanakaguliwa, kwa hiyo muda unakua sambamba na idadi ya miraba, yaani mistari mara safu.

Hapo mwulize msaili kama njia hiyo inamfaa. Akikubali, andika. Wakati unaandika endelea kusema unachokifanya, si kila herufi, bali kila uamuzi. Kwa mfano: "Ningeweza kutumia fanksheni inayojiita yenyewe, ni fupi. Lakini Python kwa kawaida inaweka kikomo cha kujiita mara 1000, na kisiwa kikubwa kwenye ramani ya miraba 1000 kwa 1000 kinaweza kukivuka, programu ikaanguka. Nitatumia foleni." Sentensi kama hiyo inakupandisha daraja, kwa sababu inaonyesha umewaza kuhusu programu inapokutana na data halisi.

Ukimaliza usiseme "nimemaliza" ukanyamaza. Ipitie kwa mfano mdogo, mstari kwa mstari, ukitaja thamani za vigeu. Jaribu ramani tupu, ramani ya maji matupu, ramani ya mraba mmoja. Msaili mzuri ataongeza ugumu: niambie kisiwa kikubwa zaidi kina miraba mingapi, au, ramani ni kubwa mno haitoshi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, unaisoma mstari baada ya mstari, utafanyaje? Hapo unahitaji muundo wa kuunganisha makundi (union-find), ukishikilia mstari uliopita na wa sasa tu. Hata usipofika mwisho, waza kwa sauti kuelekea huko.

Ratiba ya dakika 45 naipendekeza hivi: tatu za salamu, tano za maswali yako, saba za kueleza njia, ishirini za kuandika, tano za kujaribu, tano za kumwuliza msaili. Jifunze kuihisi kwa kutega saa ya simu.

Hatua ya nne: mdomo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ningekuwa na uwezo ningeilazimisha. Swali ulilotatua kimya halihesabiki. Kila swali litatue mara ya pili kwa kulieleza kwa sauti, kwa Kiingereza, simu ikirekodi. Sikiliza baadaye. Utasikia ukimya mrefu, sentensi zilizoanza zikafa, na maneno unayoyakwepa kwa sababu huna uhakika nayo. Andika hayo maneno, yafanyie mazoezi.

Kiingereza hakihitaji kuwa cha madoido. Wasaili wenyewe wengi wametoka India, China, Brazili au Nigeria, na wamezoea lafudhi za kila aina. Tumia sentensi fupi, ongea polepole kuliko unavyodhani inafaa. Usipoelewa swali, omba lirudiwe, kisha lirudie wewe kwa maneno yako. Kwetu kumwomba mkubwa arudie kunaonekana kama kutomsikiliza. Huku ni alama nzuri. Ukihitaji kutulia, sema unahitaji dakika moja ya kufikiri, utulie kweli, kisha rudi na ulichokipata.

Halafu tafuta mwenzako. Wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, mliosoma pamoja, mfanyakazi mwenzio, mtu yeyote anayejua msimbo. Msikae meza moja. Mmoja aende chumba kingine, mpigiane, muwe na ukurasa wa pamoja tu. Yule anayesaili awe na kazi mbili: kunyamaza wewe unapofikiri, na kuandika ripoti fupi baada ya hapo ya alichokisikia. Soma ripoti hiyo. Kama njia yako nzuri haimo, hukuisema. Kumsaili mwenzako kunakufunza kuliko kusailiwa, maana unaona jinsi mtu mwerevu anavyoonekana hajui kwa sababu tu amefunga mdomo.

Hatua ya tano: usanifu wa mifumo

Hapa unapewa swali pana na dakika 45 za kujenga mfumo kwa maneno na michoro. Chukua huu wa mazoezi: buni mfumo wa kuuza tiketi za kivuko cha Mwanza hadi Nansio, malipo kwa simu.

Wengi hukimbilia seva ishirini. Anza na hesabu. Tuseme safari tatu kwa siku, abiria 400 kila moja: ni tiketi 1,200 kwa siku. Seva moja na hifadhidata moja zinatosha, na useme hivyo bila aibu. Msaili atakuza: tuseme vivuko na mabasi yote ya Afrika Mashariki, tiketi milioni moja kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni kama tiketi 12 kwa sekunde. Ukizidisha mara kumi kwa ajili ya msimu wa Krismasi, 120. Bado hifadhidata moja nzuri yenye nakala ya akiba inaweza. Namba zimekuambia kwamba ugumu wa mfumo huu hauko kwenye wingi wa maombi.

Ugumu uko kwenye fedha na mtandao. Watu wawili wanachagua kiti kimoja sekunde ileile: weka sharti ndani ya hifadhidata kwamba safari moja na kiti kimoja haviwezi kuwa na tiketi mbili, mmoja akataliwe. Abiria amechagua kiti lakini hajalipa: kishikilie kwa dakika kumi, kisha kiachie. Amelipa, kampuni ya simu imetuma taarifa, mtandao ukakatika, ikaituma tena: tumia namba ya muamala kama kitambulisho cha kipekee, ili taarifa ikija mara ya pili isitoe tiketi ya pili. Malipo yamefika dakika ya kumi na mbili, kiti kimeshachukuliwa: mpe kiti kingine au mrudishie fedha, na uwe na kazi inayopita kila baada ya muda kulinganisha miamala ya kampuni ya simu na tiketi zako. Kisha bandarini, mkaguzi ana simu isiyo na mtandao: tiketi ibebe saini ya kidijitali ndani ya msimbo wa kuskani, simu ithibitishe uhalali wake bila kuuliza seva. Itaje na kasoro yake pia: bila mtandao, wakaguzi wawili kwenye milango miwili wanaweza kuipitisha tiketi ileile mara mbili, kwa hiyo kila safari iwe na mlango mmoja, au simu zao zizungumze moja kwa moja.

Kuna faida ya kukulia hapa. Kijana wa sehemu ambako intaneti haikatiki hufikia suala la mtandao kukatika akiwa amechelewa. Wewe unaliishi kila siku, kwa hiyo liseme mapema.

Hatua ya sita: maswali ya mienendo

Andaa visa sita au saba vya kweli kutoka kazini, chuoni au kazi za kujitolea, kila kimoja kwa mpangilio wa hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya na matokeo. Kimoja kiwe cha kushindwa, kimoja cha kutofautiana na mtu, kimoja cha kuchukua jukumu ambalo hukuombwa.

Adabu yetu inatuponza hapa. Tunasema "tulitengeneza mfumo wa SACCOS, ukafanya kazi vizuri." Msaili hawezi kuajiri kikundi. Linganisha na hili: "Ripoti ya mwezi ilikuwa inachukua dakika arobaini. Nilipima, nikaona hifadhidata inasoma jedwali zima kwa kila mwanachama. Niliongeza faharasa kwenye namba ya uanachama na kuandika upya ombi moja, ikashuka chini ya dakika moja. Mwenzangu ndiye aliyejenga kurasa za watumiaji." Humo hamna majivuno, na mwenzako amepewa haki yake.

Swali la kutofautiana na bosi nalo hutukwamisha, kwa sababu tumelelewa kutombishia mkubwa mbele za watu. Usijibu kwamba hamjawahi kutofautiana. Toa kisa ambacho ulimfuata faraghani, ukiwa na namba mkononi, ukasema hoja yako, na mwisho mkaamua. Kama aliamua kinyume na wewe ukatekeleza kwa moyo, hicho nacho ni kisa kizuri. Usitunge: maswali ya kuchimba yatakuja manne, matano, na kisa cha kubuni huishiwa maelezo.

Hatua ya saba: saa, umeme na mvua

Mwaliko utaandikwa kwa saa za kwao. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. California na Seattle ziko nyuma yetu kwa saa 10 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa 11 miezi inayobaki. London ni saa 2 wakati wa kiangazi chao na saa 3 wakati wa baridi, nao hubadilisha Jumapili za mwisho za Machi na Oktoba. Kwa hiyo saa 9:00 asubuhi iliyoandikwa na mtu wa Seattle mwezi Julai ni saa 1 usiku hapa. Mwezi Januari ni saa 2 usiku. Andika saa hiyo kwa mtindo wa kizungu na wa Kiswahili pamoja, umtumie afisa ajira ile ya kwanza athibitishe.

Jioni ndiyo saa ya muziki wa jirani, mazoezi ya kwaya na umeme kukatika. Chaji kompyuta mpakato ijae, ruta iwe na betri yake, na laini ya pili ya mtandao mwingine iwe na bando tayari kwenye simu. Jaribu kuhama kutoka ruta kwenda simu mara moja kabla ya siku yenyewe. Kama nyumba yenu ni ya bati bila dari, msimu wa mvua usifanyie usaili hapo, hamtasikilizana. Omba chumba chenye dari kwa rafiki, ofisini au chuoni. Mweleze afisa ajira mapema kwamba umeme huweza kukatika na mkubaliane mtafanyaje, ikiwemo namba ya simu ya kupigiana. Waambie na nyumbani ni saa ngapi hutakiwi kuitwa.

Baada ya usaili

Usiku huohuo andika ulichoulizwa na ulipokwama, kwa ajili yako mwenyewe. Usiyasambaze maswali, maana mara nyingi umekubali kuyatunza siri. Majibu huchukua siku chache hadi wiki kadhaa. Ukikataliwa, kampuni nyingi hukuruhusu kurudi baada ya miezi 6 hadi 12, na waliofaulu mara ya pili ni wengi. Kwa nafasi za Marekani ujue kwamba viza ya kazi iitwayo H-1B ina kikomo cha 85,000 kwa mwaka na hupatikana kwa kura, ndiyo maana inafaa kuomba pia Nairobi, London na Dublin.

Kampuni halali haikutozi hata shilingi moja kwa usaili, viza au mafunzo. Barua pepe ikitoka anwani isiyo ya kampuni, achana nayo.

Panga maombi yako kampuni tatu au nne kwa wiki zilezile. Ofa ya kwanza ikifika, omba siku kadhaa za kuisoma, uliza kwa maandishi kuhusu gharama za kuhama na viza, kisha waandikie wale unaowasubiri uwaambie tarehe yako ya mwisho. Mara nyingi huharakisha.